Kutoka filimbi hadi pikolo: vidole vinahama upesi, midomo inachelewa

Mpiga filimbi ya okestra anayeitazama pikolo, yaani filimbi ndogo ya familia hiyohiyo, huanza kuhesabu vidole, na hapo kweli hana cha kuogopa. Vitufe vimepangwa vilevile na nota zinasomwa vilevile, ila sauti hutoka oktavu moja (ngazi nzima ya noti nane) juu ya iliyoandikwa. Ndiyo maana wapo wanaosema kuhama ni kazi ya wiki mbili tatu. Wapo pia walimu wanaomkataza mwanafunzi asiiguse, wakihofia itamharibia midomo aliyoijenga kwa miaka. Kila upande una haki yake, lakini wa kwanza ndio unaopotosha zaidi.

Pikolo ina urefu wa takriban sentimita 32, filimbi ya okestra sentimita 67. Haina kipande cha mguu, yaani kile cha mwisho chini ya bomba, hivyo noti yake ya chini kabisa ni D. C ya chini haipo. Kwa kuwa bomba ni nusu, kila kosa hukua: ukivuta nje kichwa cha ala, kipande chenye tundu la kupulizia, milimita 1, sauti inashuka karibu mara mbili ya inavyoshuka kwenye filimbi. Tundu la kupulizia nalo ni dogo, na pikolo nyingi za mbao hazina bamba la kuegemeza mdomo, kwa hiyo midomo iliyozoea bamba hukosa pa kushika.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Noti za juu zikikataa kutoka, wanabana midomo. Sauti inatoka kweli, lakini nyembamba na iliyopanda juu ya tuni, na baada ya dakika kumi midomo imechoka. Dawa yake ni kuiweka pikolo juu kidogo ya mdomo kuliko filimbi, kuacha upenyo mdogo, kisha kuipa hewa kasi kwa msukumo wa tumbo. Hewa inayohitajika ni kidogo, na hilo huleta shida ambayo mpiga filimbi haitarajii: mwisho wa sentensi ndefu ya muziki kifua bado kimejaa hewa iliyokwisha kutumika. Inabidi kuitoa kwanza ndipo uvute mpya.

Sikio nalo linataka mazoezi yake. Vidole vya filimbi si lazima vitoe tuni sahihi kwenye pikolo. G# (G iliyopandishwa nusu sauti) ya oktavu ya tatu, kwa mfano, huwa ngumu. Wengi huongeza kidole cha kati na cha pete cha mkono wa kulia ili itoke kwa urahisi na ishuke kidogo. F# ya oktavu hiyo hutoka vizuri zaidi kwa kidole cha kati badala ya cha pete. Kila pikolo ina tabia zake, kwa hiyo pima noti moja moja kwa tyuna, kifaa cha kupimia tuni, kwa sauti ndogo na kwa sauti kubwa, uandike unachokiona.

Je, inaharibu midomo? Inaiharibu kwa anayeanza na pikolo akamalizia nayo. Anayepasha midomo kwa filimbi, akapiga pikolo dakika 15 hadi 20, kisha akarudi kwenye noti ndefu za chini za filimbi, hapotezi kitu. Wengi hata hupata faida, kwa sababu pikolo haisamehi msukumo dhaifu wa hewa.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka mno: usikivu. Oktavu ya juu inaweza kuzidi desibeli 100 kwenye sikio la kulia, na kwa kipimo kinachoruhusu desibeli 85 kwa saa 8, desibeli 100 zina dakika 15 tu kwa siku. Kizibo cha sikio cha wanamuziki, walau upande wa kulia, kinunuliwe siku moja na ala.

Kuhusu mbao, pikolo nzuri nyingi hutengenezwa kwa mpingo, mti ambao sehemu yake kubwa huvunwa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Sauti yake ni laini kuliko ya chuma, lakini mpya hupasuka: pumzi yenye joto na unyevu hutanua ndani wakati nje bado ni baridi. Asubuhi ya Nairobi, au chumba cha kiyoyozi Dar es Salaam, ipashe kwanza kwa viganja, usiipulizie. Wiki za mwanzo piga dakika 10 hadi 15 kwa siku, na ukaushe ndani kwa kitambaa kila unapopumzika. Anayepiga kwenye gwaride, juani na mvuani, ni heri achukue ya plastiki au yenye kichwa cha chuma.

Je, aache filimbi kabisa? Sioni sababu. Katika okestra, pikolo mara nyingi hupigwa na mpiga filimbi wa pili au wa tatu, na nota humtaka abadilishe ala katikati ya kipande, wakati mwingine kwa mapumziko ya mizani chache (vipande vifupi vya mapigo). Anayeshika zote mbili huitwa zaidi ya anayeshika moja. Ila ambaye oktavu yake ya tatu kwenye filimbi bado hutoka kwa nguvu tu, na kwa sauti ndogo inakatika, asubiri. Pikolo itamkuta na udhaifu huohuo, na hapo jirani zake wote wa bendi watausikia.