Chakula cha Samaki wa Maji ya Chumvi Kikatwe kwa Kisu

Karibu kila maelekezo ya kutengeneza chakula cha kugandisha kwa ajili ya samaki wa tangi la maji ya chumvi hufuata njia moja: nunua kamba, ngisi, kome na samaki wa nyama nyeupe, vitie vyote kwenye blenda, saga mpaka viwe rojo, kisha gandisha. Mimi ni mtetezi wa dhati wa chakula kinachotengenezwa nyumbani, na ningependa kila mfugaji wa samaki wa baharini akijaribu. Lakini hatua hiyo ya blenda, ambayo wengi huiona kuwa ndiyo inayorahisisha kazi, naiona kuwa ndiyo inayopoteza sehemu kubwa ya faida tuliyoifuata tangu mwanzo. Samaki hula kipande anachoweza kukiona, kukidaka na kukimeza. Kile asichoweza kukidaka, hata kingekuwa na virutubisho vya kila namna, hugeuka kuwa uchafu wa maji.

Wengi wakiulizwa kwa nini wanajitengenezea chakula hutaja kwanza nafuu ya gharama. Kwangu mimi jambo kubwa zaidi ni kujua kilichomo, kwa sababu mwili wa samaki wa baharini una mahitaji yake. Samaki wengi wa baharini hawawezi kujitengenezea kwa kiasi cha kutosha zile asidi za mafuta za omega-3 zenye mnyororo mrefu, yaani EPA na DHA. Huzipata zikiwa tayari kutoka kwa viumbe wanaowala, ambao nao wamezipata kutoka kwa planktoni, ile mimea midogo inayoelea majini. Samaki wa maji baridi kwa kawaida huweza kuziunda wenyewe kutokana na asidi fupi zaidi, ndiyo maana nyama yao haifai kuwa msingi wa mlo wa samaki wa baharini hata kama ni safi na imevuliwa asubuhi hiyo hiyo. Moyo wa ng'ombe, ambao wafugaji wa samaki wa maji baridi wamezoea kuwapa baadhi ya samaki wao, nauondoa kabisa katika hesabu. Mafuta yake huganda katika halijoto ya maji ya tangi, na samaki wa baharini hakuumbwa kuyatumia. Msingi wa chakula hiki ni viumbe vya baharini, basi.

Hata vya baharini vinahitaji jicho kali. Kamba waliosindikwa mara nyingi huwa wamelowekwa katika maji yenye fosfeti, hasa sodiamu tripolifosfeti, ili nyama ishike maji na isipungue uzito. Kwenye pakiti inaweza kuandikwa kwa jina hilo au kwa namba E451. Kwenye tangi lenye matumbawe, fosfeti hiyo hulisha mwani usiotakiwa, na ikizidi huzuia matumbawe magumu kujenga mifupa yao ya chokaa. Kwa hiyo soma pakiti, na penye shaka chukua kamba wabichi wenye maganda na vichwa vyao, ambao hawajapitia kiwandani.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Baadhi ya samaki na kombe wabichi, wakiwemo jamaa kadhaa za dagaa na aina fulani za chaza, wana kimeng'enya kiitwacho thiaminesi, ambacho huvunja vitamini B1. Kugandisha hakukiui kimeng'enya hicho. Moto ndio hukiua. Samaki anayelishwa muda mrefu kwa aina moja tu ya nyama yenye thiaminesi huanza kukosa hamu ya kula, kisha hupoteza mizani anapoogelea, na mwisho hupata mitukutiko, huku mfugaji akihangaika kupima chumvi na amonia bila kuona kasoro yoyote. Dawa yake ni kuchanganya: ngisi na kamba na samaki wa nyama nyeupe na mayai ya samaki na kome, asiwepo hata mmoja anayetawala mchanganyiko mzima.

Sasa nije kwenye kisu. Chukua kamba aliyekaa kwenye friza kwa muda wa kutosha kukakamaa lakini bado anapitisha kisu. Mvue ganda, toa ule utumbo mweusi wa mgongoni, mpasue kwa urefu mara mbili au tatu, kisha mkate kwa upana, milimita mbili mbili. Nyama iliyokakamaa hukatika ikaacha ukingo safi. Haichaniki nyuzi, haikamuliwi, na ubao hubaki karibu mkavu. Mkate mwenzake aliyeyeyuka, na utaona kisu kikimsukuma huku na huku, na ubao ukilowa maji ya kijivu. Maji hayo ni protini na fosforasi vilivyotoka ndani ya seli zilizopasuka, na hakuna samaki atakayevila. Blenda huzipasua seli kwa wingi kuliko kisu chochote, halafu sisi hugandisha mchuzi huo pamoja na nyama na kuumimina wote ndani ya tangi, kisha tunalalamika kwamba chakula cha nyumbani kinachafua maji.

Ngisi ana shida zaidi, kwa maana nyama yake inavutika na haitafuniki kwa urahisi. Ukimkata vipande vinene, samaki mdogo hukivuta kipande, kikamshinda, akakiacha. Mwandae kama unavyoandaa kitu cha kuliwa na mtoto asiye na meno: toa ule ute na ngozi ya juu, mkate nyuzi nyembamba kabisa, kisha uzikate nyuzi hizo tena kwa upana. Kazi hii inachosha, sikatai. Lakini ndiyo kazi yenyewe.

Ukubwa wa kipande hauwezi kuamuliwa kabla ya kuwatazama samaki ulio nao. Anthias, wale samaki wadogo wa rangi ya waridi na chungwa wanaokaa makundi juu ya miamba wakidaka planktoni inayopita, wana macho makali na midomo midogo. Mtazame mmoja akipewa kipande kikubwa: hukidaka, hukigeuza mdomoni, hukitema, hukifuata kikishuka, hukidaka na kukitema tena, na mwisho hukiacha kiangukie nyuma ya mwamba ambako hakuna atakayekifikia. Mpe uduvi mzima au kipande cha milimita moja au mbili, atakimeza bila kusita na kurudi kungoja kingine. Kwa upande mwingine, bunju meno yake hayaachi kukua, na akilishwa nyama laini peke yake yatarefuka mpaka ashindwe kufumba mdomo. Huyo anataka kome na kamba wenye maganda yao, wakubwa, awavunje mwenyewe. Samaki hawa wawili hawawezi kulishwa kwa rojo moja, na ninashangaa kwamba maelekezo mengi huandikwa kama kwamba wanaweza.

Ganda la kamba, hata kwa samaki wengine, nisingelitupa lote. Rangi nyekundu na ya chungwa ya samaki wengi hutokana na karotenoidi kama vile astaksanthini, ambayo samaki hawezi kujitengenezea na lazima aipate katika chakula, na hiyo imejaa kwenye ganda na kichwa cha kamba. Hapa blenda ina kazi yake halali: saga maganda na vichwa peke yake, chuja, na utumie kioevu kile kidogo kuchanganyia vipande vilivyokatwa.

Kazi yake nyingine halali ni mwani. Kangaja na tasi, samaki wanaokula mwani, huchunga miambani karibu mchana kutwa. Matumbo yao ni marefu, na mlo wa nyama tupu hauwafai hata kama wanaushambulia kwa pupa. Karatasi za mwani uliokaushwa, zisizotiwa mafuta wala viungo, hulainika haraka na zinaweza kukatwa kwa mkasi, lakini mwani mbichi kama Ulva au Gracilaria una nyuzi zinazokataa kisu, na hapo mashine hufaa. Kwa ajili ya samaki hawa ningetengeneza mchanganyiko wao wa pekee, ambao zaidi ya nusu yake ni mwani, ulioshikanishwa kwa gelatini. Gelatini huyeyuka kwenye nyuzi joto za thelathini na kitu, na maji ya tangi huwa kwenye 25 au 26, hivyo kipande hakisambaratiki kikiingia majini. Iyeyushe kwa maji ya moto, iache ipoe mpaka uweze kuishika kwa mkono, ndipo uchanganye; ukiimimina ingali moto utaipika nyama na kuharibu vitamini. Kangaja atakiuma kipande hicho pembeni mara nyingi, kidogo kidogo, kama anavyofanya mwambani.

Kugandisha nako kuna adabu yake, na wengi huikosa kwa haraka. Sehemu kubwa ya maji yaliyo ndani ya nyama huganda kati ya nyuzi -1 na -5 za Selsiasi. Nyama ikipita eneo hilo polepole, fuwele za barafu hukua kubwa na kutoboa seli, na siku ya kuyeyusha utaona bakuli limejaa maji yale yale ya kijivu tuliyoyakwepa kwenye ubao. Ikipita upesi, fuwele hubaki ndogo. Friza ya nyumbani haina nguvu za mitambo ya kiwandani, lakini unaweza kuisaidia kwa unene: tia mchanganyiko kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa yote, utandaze uwe bapa wa nusu sentimita, na uulaze juu ya trei ya chuma iliyokwisha kupoa ndani ya friza. Bapa hilo huganda upesi kuliko bonge, na baadaye unavunja kiasi unachokitaka kwa mkono. Hewa ni adui kwa sababu mafuta ya samaki huendelea kuchacha hata kwenye baridi, na yale ya omega-3 ndiyo yanayotangulia. Tengeneza cha miezi miwili au mitatu, kisha utengeneze kingine.

Kugandisha pia kunasaidia usalama, ila kwa mipaka. Nyuzi -20 kwa siku 7 huua minyoo kama Anisakis. Bakteria wengi hulala tu, na virusi vya ugonjwa wa madoa meupe wa kamba huvumilia kuganda, kwa hiyo anayefuga kamba wa mapambo ndani ya tangi awe mwangalifu na asili ya kamba anaowakatakata.

Kuhusu vitunguu saumu, ambavyo huonekana katika karibu kila mchanganyiko vikisifiwa kwamba vinatibu vimelea, mimi sivitii. Vinaweza kumvutia samaki anayesita kula, lakini kuvitegemea mahali pa karantini na matibabu ni kumchelewesha mgonjwa. Vitamini ndizo zinazostahili nafasi hiyo, hasa C na B1, na ni bora kuzidondoshea siku ya kulisha, kwenye kiasi kilichokwisha kuyeyuka, kuliko kuzigandisha pamoja na nyama. Vitamini C hupungua kadiri inavyokaa, na haina maana kuiweka miezi miwili ili ifike mdomoni mwa samaki ikiwa imekwisha.

Kuyeyusha kufanyike ndani ya friji, kwenye kikombe, na kiasi kilichoyeyuka kisirudishwe kuganda. Wapo wanaosisitiza kukiosha chakula kwanza na wapo wanaosema kuosha kunapoteza virutubisho. Mgogoro huu, kwa maoni yangu, umezaliwa na blenda: rojo likioshwa karibu lote huenda na maji, na lisipooshwa tangi linalipa. Vipande vilivyokatwa vizuri humwagwa juu ya wavu mwembamba, maji machache yakachuruzika, na nyama ikabaki yote.

Ombi langu kwa wanaoandika maelekezo ya chakula hiki ni moja. Pamoja na gramu za kamba na gramu za ngisi, waandike pia kipande kiwe cha milimita ngapi, na ni cha samaki gani: moja au mbili kwa anthias, tatu au nne kwa samaki wa anemoni aliyekomaa, bapa la mwani la kuumwa pembeni kwa kangaja, na kome mzima na ganda lake kwa bunju. Mfugaji mpya akipata vipimo hivyo, ataweza kusimama mbele ya tangi lake na kujua kama chakula alichokitengeneza kinaliwa au kinaanguka tu.