Mvua, mlinzi na jengo la vioo

Juzi mvua ilinikuta njiani, nikakimbilia kwenye baraza ya jengo jipya la ofisi, lile la vioo tupu chini hadi juu. Sijamaliza kufuta miwani, mlinzi akanisogelea. "Dada, samahani, hapa haparuhusiwi kusimama." Kijana mwenye adabu, na haya nilimwona nayo usoni; amri haikuwa yake. Nikarudi mvuani.

Tangu hapo jengo la benki ya HSBC la Hong Kong halinitoki akilini. Norman Foster ndiye aliyelisanifu, likakamilika mwaka 1985. Wanaolisifu huanza na mitambo: maji ya bahari yanayosaidia kulipoza, vioo vinavyonasa jua na kulishusha ndani, vyoo vilivyoundwa Japani vikaja kwa meli vikiwa vizima, kazi ikabaki kuvipachika tu. Sawa, ni ufundi mkubwa. Ila kwangu ufundi wenyewe hasa uko chini.

Majengo marefu mengi yana kiini cha zege katikati, ndimo zinamopita lifti na ngazi. Pale hakuna. Kuna milingoti minane ya chuma, kila mmoja mabomba manne makubwa yaliyofungamanishwa, na ghorofa zimening'inizwa kwenye mihimili inayoiunganisha. Lifti zimesogezwa pembeni. Kwa hiyo chini pamebaki wazi: unatoka mtaa huu unatokea mtaa ule, hufungui mlango wala huulizwi unakwenda wapi. Jumapili wafanyakazi wa nyumbani, wengi wao kutoka Ufilipino, hutandika maboksi pale, wakala, wakapiga soga, wakapumzika. Chuma chote kile kiko juu ya vichwa vyao, na wao wamekaa kivulini.

Najua nitakavyojibiwa. Jengo lilikula fedha nyingi ajabu. Njia ile haikutolewa bure, benki iliruhusiwa kujenga zaidi kwa kuiacha wazi. Na mwaka 2012 ilikwenda mahakamani kuwaondoa waandamanaji waliopiga kambi pale. Haya, nakubali. Lakini njia ipo, kwa sababu ilikuwamo kwenye mchoro kabla chuma cha kwanza hakijasimamishwa. Msanifu anayechora mlango mmoja wa kufunguliwa kwa kadi ameshamwandikia mlinzi maneno ya kusema.

Nilisimama chini ya mti ng'ambo ya barabara, nimelowa, nikaitazama ile baraza. Hatua kumi hivi za marumaru, kavu kabisa, na hapakuwa na mtu hata mmoja.