Pima Mtutu Kwanza, Ndipo Ucheke

Tuna anko mmoja kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Ana leseni ya bastola na kofia ya klabu ya kulenga shabaha, kwa hivyo bunduki zote duniani anazijua yeye. Juzi shemeji yetu aliyeko Montana, Marekani, akatuma picha ya kulungu aliyemwangusha kwa risasi alizozisubu mwenyewe gereji kwake. Anko akajibu kwa ujumbe wa sauti, mrefu kama mahubiri: ati hiyo ni risasi ya kienyeji, ledi tupu (yale madini mazito ya kijivu), itayeyukia ndani ya mtutu, na huyo kulungu lazima alikufa kwa kicheko. Watu wakamwaga emoji. Shemeji, kwa heshima za ukweni, akanyamaza.

Mimi ni mtoto wa nyumbani, sina ukwe wa kulinda. Nitasema.

Kwanza, kuku wa kienyeji hapa Nairobi tunamlipia zaidi ya wa gredi na supu yake tunaisifia mpaka Jumatatu. Risasi ikiwa ya kienyeji ndiyo inageuka kichekesho?

Tuje kwenye kuyeyuka. Ni kweli ledi huyeyuka kwenye nyuzi 327, na moto wa baruti unazipita nyuzi hizo kwa mbali sana. Lakini risasi haiketi mtutuni kuota moto. Inapita kwa muda wa milisekunde moja au mbili, na joto halipati nafasi ya kuingia ndani yake. Hata hivyo, mitutu mingi hupatikana imepakwa ledi ndani, na hapo ndipo kina Anko wanapopata ushahidi wao. Wanaona ledi mtutuni, wanahukumu ledi. Hakuna anayeuliza kama risasi ilikuwa saizi ya mtutu.

Bunduki ya saizi ya .30-06 kama ya shemeji ina mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka ndani ya mtutu, na mtutu huo, ukipimwa kutoka sakafu ya mfereji mmoja hadi sakafu ya ule wa mkabala, unapaswa kuwa inchi 0.308, yaani milimita 7.82. Nasema unapaswa, maana bunduki kuukuu hujiamulia. Risasi ya kiwandani, iliyovikwa shaba, inatosheka na kipimo hichohicho. Ya ledi hutakiwa izidi kidogo, inchi 0.309 au 0.310, ili iingie kwa kubanwa na kuziba kila mfereji. Ikipungua hata kwa unene wa unywele, gesi ya baruti inapenya ubavuni mwake kwa shinikizo la kutisha, inaichonga njiani na kuyapaka makombo yake ukutani mwa mtutu. Risasi inatoka imechakaa na kwenda inakotaka. Mpigaji anasugua mtutu jioni nzima akilaani ledi. Jamani, ledi imekosa nini?

Halafu anakuja mjuaji wa pili na dawa yake: ongeza ugumu. Hawa ndio wanaonikera kuliko Anko. Ledi safi ina ugumu wa kama 5 kwa kipimo cha Brinell. Ile aloi (mchanganyiko wa madini) ya mitambo ya zamani ya kuchapia magazeti, linotype, yenye madini ya antimoni asilimia 12 na ya stani asilimia 4, inafika 22 hivi. Basi wanaitafuta kama dhahabu, wanasubu risasi ngumu kama jiwe, wanazipitisha kwenye mtutu uleule ambao hawajaupima, na ledi inabaki palepale. Wakati mwingine inazidi, kwa sababu risasi laini ingeweza angalau kufutuka kitakoni kwa shinikizo na kuziba pengo. Ile ngumu haifutuki. Na ikigonga mfupa wa mnyama inaweza kuvunjika vipande badala ya kupanuka.

Shemeji anatumia vile vipande vya kubalansi magurudumu, anavyopewa na gereji moja ya matairi. Aloi ya kawaida tu, antimoni kidogo, stani ya kubahatisha. Kabla ya yote alipaka mtutu mafuta, akasukuma donge la ledi laini kutoka mwisho hadi mwisho, akalipima kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo. Kazi ya dakika chache. Namba aliyoipata ndiyo iliyoamua kila kitu kilichofuata.

Nilipomtembelea alinisimamisha pembeni ya chungu chake cha umeme, miwani usoni na glavu za ngozi mkononi, mlango wa gereji wazi na baridi ikitukata. Risasi za kwanza kutoka kwenye kalibu, kile chuma cha kuzipa umbo, zilikuwa na mikunjo kama uso wa bibi kizee. Kalibu bado baridi, akasema, akazirudisha chunguni. Kalibu ilipopata moto zikaanza kutoka laini, ziking'aa. Ukimimina, unabakiza kidimbwi kidogo juu ya bamba la kalibu na kukikodolea macho: kinang'aa, kinang'aa, kisha ghafla kinafifia. Hapo ndipo unaligonga bamba kwa kijiti, kalibu inafunguka, risasi inadondokea kwenye taulo kavu. Zikianza kuwa na weupe kama umande, joto limezidi. Moto wenyewe anauweka chini ya nyuzi 419, kwa sababu vipande vingi vya magurudumu siku hizi ni zinki, na zinki isipofika joto hilo haiyeyuki. Inaelea, unaiopoa. Ikishayeyuka na kuchanganyika, chungu kizima kimeharibika.

Mwisho anaivalisha kila risasi kikombe chembamba cha shaba kitakoni na kuipaka mafuta yenye nta ya nyuki. Inatoka kwa mita 600 hivi kwa sekunde.

Haya, Anko, nakupa hii moja: ya kiwandani inakaribia 850, na ukivuka mita 200 ya shemeji inaanza kushuka kama bei ya nyanya wakati wa mvua. Lakini shemeji huwinda msituni, ambako mita 200 hata huzioni.

Kuna mtu kwenye grupu aliuliza kama anaweza kujaribu kusubu kwa ledi ya betri kuukuu huko mtaani Umoja, Nairobi. Ndugu yangu, tulia. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kutengeneza risasi nyumbani kutakukutanisha na sheria ya silaha, Sura ya 114, kabla hujapata wa kukudhamini. Na betri hata wasubuji wa Marekani wanaziogopa, kwa sababu mchanganyiko wa madini yaliyomo unaweza kutoa gesi za kuua.

Hapo kwenye sumu sitanii. Kwenye mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, watoto waliumwa kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Ledi haina kiwango salama mwilini, na kwa mtoto ndiyo mbaya zaidi. Shemeji haruhusu mwanawe kukanyaga gereji siku ya kusubu. Viatu vinabaki nje, mikono inaoshwa kabla hata ya kushika simu, na sufuria iliyowahi kuona ledi haiingii tena jikoni.

Nyama pia ina neno. Risasi ya ledi huacha makombo kwenye jeraha, na ndege wanaokula mizoga, kama wale kondori wa California, wamekufa kwa kuyameza. Ndiyo maana California imepiga marufuku risasi za ledi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Shemeji huwa anaikata nyama yote iliyo karibu na jeraha na kuifukia. Nilipomuuliza angefanyaje akihamia huko, alisema angenunua za shaba kama watu wengine, akanuna hadi chakula cha jioni.