Wekundu Peke Yake Si Yaspi

Nimetumiwa tena picha ya jiwe jekundu, limeloweshwa hadi linameta, na mwenye jiwe keshapongezwa na kila mtu: yaspi nyekundu, lile jiwe la urembo, hongera! Hakuna hata mmoja aliyeuliza likikauka linakuwaje.

Maji yanadanganya, jamani. Kipande cha tofali kilichoviringishwa na mto, ukikilowesha, kitakuhadaa mchana kweupe. Nakubali, shingo upande, kwamba maji huonyesha vizuri mistari ya jiwe. Basi lionyeshe likiwa limelowa, na pia likiwa kavu.

Wekundu wa yaspi unatokana na chembe za hematiti, oksidi ya chuma, zilizotawanyika ndani ya kwatzi, madini magumu ya silika. Hematiti hiyohiyo ndiyo inayotia rangi mawe mekundu ya mchanga, na hata hilo tofali. Sasa rangi imethibitisha nini? Kwamba kuna chuma. Asante sana.

Cha kupima ni kile kilichobeba rangi. Yaspi ni kwatzi ya punje ndogo mno, hazionekani kwa macho, na ugumu wake ni 6.5 hadi 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini toka 1 hadi 10. Kioo cha kawaida kiko karibu na 5.5, kwa hiyo yaspi inakikwaruza. Laza kipande cha chupa mezani, usikishike mkononi, kandamiza ncha ya jiwe kisha vuta. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaponikera, futa kwa kidole! Jiwe laini huacha unga wake juu ya kioo, na mwenye kiu ya ushindi huuita mkwaruzo. Kisu nacho hivyohivyo: mstari wa kijivu juu ya yaspi ni chuma cha kisu kilicholika, jiwe liko salama.

Tazama pia palipovunjika. Yaspi humeguka kama gumegume, uso laini wenye mbonyeo na kingo kali. Ukiona punje za mchanga, mjadala umekwisha. Ukingo mwembamba ukipitisha mwanga wa tochi, fikiria akiki, ndugu ya yaspi inayopitisha mwanga, ingawa yapo mawe yaliyochanganya zote mbili na hata wakongwe husitasita.

Likitoa povu kwa siki, lina chokaa.

Na mnaolalamika kwamba kukwaruza kunaharibu jiwe, chagueni kona ya chini. Likiwa yaspi kweli, itakayoumia ni chupa.