Wastani wa Asilimia 6

Tangu siku ya tatu ya safari yetu ya siku tano za baiskeli milimani, mimi na neno "wastani" hatusalimiani. Jioni iliyotangulia, kiongozi wa msafara alitugawia karatasi ya maelezo ya siku iliyofuata: mlima mmoja, kilomita 10, mwinuko wa wastani wa asilimia 6. Makalio yangu yalikuwa yamekwisha kuanza mgomo, lakini nilipiga hesabu nikaridhika, kwa kuwa asilimia 6 maana yake ni kupanda mita 6 katika kila mita 100, na jumla yake ni mita 600 tu. Nikalala fofofo, maana ujinga ni godoro laini.

Jambo ambalo karatasi haikulitaja ni kwamba katikati ya mlima huo kulikuwa na kilomita 2 za mteremko, zilizotunyang'anya mita 100 tulizokwisha kuzitolea jasho. Naomba tuhesabu pamoja: ukishushwa mita 100, basi ili ufike kileleni huna budi kupanda mita 700 katika kilomita 8 zilizosalia, na hizo ni karibu asilimia 9. Kwa hiyo karatasi haikusema uongo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwani mwongo ningeweza kumshtaki. Hiyo asilimia 6 sikukutana nayo popote mlimani, ila dakika chache kwenye kona moja ambako nilikuwa nimesimama.

Kufikia kilomita ya tatu nilikuwa nimezimaliza giya zote, lakini kidole changu kiliendelea kubonyeza, kama mtu anayepekua mfuko mtupu akitumaini kwamba sarafu imejificha kwenye mshono. Nzi walinizunguka bila haraka yoyote, wakatua, wakapumzika, wakaondoka walipochoka kunisubiri. Hata kile kidude cha usukani kinachopima mwendo kilijizima chenyewe, kwa kuwa kimetengenezwa kiache kuhesabu pindi mwendeshaji anaposimama, nacho kwa busara zake kiliamua kwamba nimesimama.

Hapo ndipo aliponipita mzee mmoja wa msafara wetu, mwenye mvi kichwa kizima, akipumua kwa pua. Nilitaka kumwamkia kama ipasavyo, lakini pumzi iliniishia kwenye "shika", na "moo" ikabaki kifuani.

"Marahaba, mwanangu," akanisaidia. "Umepata pancha?"

"Hapana, mzee. Naendesha."

Alinitazama kwa huruma, akaongeza giya, akaenda zake.

Kwenye ule mteremko wa katikati wenzangu waliteremka wakipiga mbinja na kushangilia upepo, nami niliteremka kama mtu anayesaini mkopo, kwa sababu kila mita niliyoifurahia ilikuwa ikiandikwa mahali fulani. Jasho la kupandia liligeuka baridi mgongoni, vidole vikafa ganzi juu ya breki, na kabla sijapata nafasi ya kukaa vizuri kwenye kiti, barabara ilikwisha kuinua tena pua yake.

Mwaka 1910, mashindano ya Tour de France yalipopitishwa kwa mara ya kwanza katika vilele virefu vya milima ya Pyrenees, Octave Lapize, ambaye hatimaye alikuwa mshindi wa mwaka huo, aliwaita waandaaji wauaji. Zamani nilimwona kuwa mtu wa hasira za karibu. Nilipofika kilomita ya saba nilimwelewa kuwa ni mtu mpole aliyeyapima maneno yake kwa kujizuia sana. Kwa bahati mbaya nilikumbuka pia kwamba giya za kubadilisha cheni zilikuja kuruhusiwa katika mashindano hayo mwaka 1937, yaani Lapize alipanda bila hizo giya zangu nilizokuwa nikizilaumu tangu asubuhi, na kumbukumbu hiyo haikunisaidia hata kidogo. Nikashuka, nikaanza kusukuma, na nikagundua kwamba mwendo wangu umeongezeka.

Kileleni nilimkuta mzee amekwisha kubadili fulana, amekunja miguu, anatazama mandhari. Niliimalizia ile "moo" yangu, akaipokea, kisha akanisogezea chupa ya maji bila kuniuliza lolote.

Jioni kiongozi alipita tena na karatasi zake. Siku ya nne: kilomita 22, wastani wa asilimia 4. Nilimshika mkono kabla hajafika kwa mtu wa pili, nikamwuliza kati ya kilomita hizo 22, ni ngapi za kuteremka. Alitabasamu, akaitazama baiskeli yangu, akaniuliza kama nimekwisha kuitia cheni mafuta.