Madumu Manne
Saa nane usiku bomba langu la uani hukohoa. Khoo, khoo, psss! Mke wangu hunitandika kiwiko: "Baba Zuhura, yamekuja!" Mwanaume mzima natoka mbio na bukta, ndoo tano mkononi, tochi ya simu mdomoni. Bomba likishakohoa hadi liridhike, linatema kikombe kimoja rangi ya chai ya maziwa, kimya. Mita ndiyo haina usingizi, inazungushwa hata na upepo.

Juzi nikakalia ndoo tupu, nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya LUKU. Mtambo wa maji wa Ruvu Chini ulijengwa 1976, lita milioni 182 kwa siku. Sensa ya 1978, Dar nzima hatukufika laki 9. Gawanya: kila kichwa madumu 10 ya lita 20 na chenji inabaki, kwa mtambo mmoja tu! Hayo mtu anaoga, anaosha baiskeli, anamwagilia mchicha, na mbuzi naye ananawa miguu. Leo Ruvu Chini imepanuliwa hadi milioni 270, Ruvu Juu kule Mlandizi imetoka 82 hadi 196. Kazi kubwa, sibishi. Lakini sensa ya 2022 ikatukuta milioni 5.3 na ushee. Gawanya tena: madumu 4. Na hapo hujatoa ya Kibaha na Bagamoyo, wala ya lile bomba lililopasuka pale kwa fundi pikipiki, ambako bata wameshahamia na familia zao.

"Hawa wahandisi hawajui kuhesabu watu," nikamwambia mke wangu.

"Wewe ulipohamia hapa tulikuwa wangapi?"

Wawili. Sasa tuna watoto wanne, mama mkwe, mdogo wangu aliyekuja "wiki mbili tu kutafuta kazi" na huu mwaka wa tatu, pamoja na wapangaji wa vyumba vitatu vya uani, mmoja wao anaosha watu nywele hapo hapo barazani. Mhandisi akiwa Ruvu anapanua mtambo, mimi niko huku nakoroga zege la chumba cha nne. Nikakunja risiti yangu.

Kile kikombe cha chai, mama mkwe hakimwagi. Anatumbukiza kipande cha shabu, anakoroga, anasubiri tope lizame. Zuhura akaleta umbea wa shuleni kwamba hata mtamboni ni hivyo hivyo: shabu, tope litue, mchanga uchuje, mwisho klorini iue wadudu. Wee! Tangu siku hiyo mama anajiita mhandisi na anataka posho ya kazi za usiku.

Nikajipa moyo na Bwawa la Kidunda kule Morogoro. Habari zake nimezisikia tangu nikivaa kaptula ya shule, ujenzi ukaja kuanza 2023. Litabeba lita bilioni 190, ili kiangazi kikibana Mto Ruvu usitukaukie kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2022, tuliponunua dumu kama tunanunua soda. Kwa furaha nikampigia kaka yangu Songea.

"Kaka, maji yanakuja!"

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi na sisi tunakuja. Tuko sita."