Kilichobaki cha anti-dizaini ni mbao na misumari

Sofa ya Superonda, iliyotoka mwaka 1967 katika kiwanda cha Poltronova kule Pistoia, Italia, haina fremu, haina springi, haina miguu. Ni bonge la sponji lililopitishwa kisu mara moja tu kwa mkato wa wimbi, likawa vipande viwili vinavyokaliana, kisha vikavalishwa ngozi ya plastiki inayong'aa. Ukivipanga hivi ni kochi, ukivilaza vile ni kitanda, ukivisimamisha havina jina. Sponji haipotei hata kidogo. Waliobuni, vijana wa Firenze waliojiita Archizoom, walikuwa wanaudhi watu kwa makusudi: katika nchi iliyojivunia viti vyembamba vya chuma na ngozi, wao walileta kitu kinene, chenye kelele, kisichomwambia mtu akae vipi.

Anayetaka kuielewa anti-dizaini, yaani harakati ya wabunifu waliokataa vitu vinavyouzwa kwa sura yao, aanzie kwenye mkato ule mmoja. Rangi aziache kwanza.

Archizoom na wenzao wa kundi la Superstudio walianza mwaka 1966, wakaonyesha kazi zao pamoja Pistoia Desemba ya mwaka huohuo, wiki chache baada ya mto Arno kuizamisha Firenze. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuisema, nzito kuiishi: kitu chenye sura ya kupendeza ni mchuuzi aliyevaa suti. Kinakuuzia hadhi kabla hakijakufanyia kazi yoyote, na aliyekibuni hujidai anawatumikia watu huku bosi wake ni mwenye kiwanda. Superstudio wakajibu kwa meza ya Quaderna, nyeupe, iliyochorwa miraba ya sentimita 3 kwa 3 kila upande kama daftari la hesabu, isiachwe nafasi ya mtu kusifia mkunjo wala pambo. Hadi leo kampuni ya Zanotta wanaiuza, na si kwa bei ya daftari.

Huo ndio mkasa wa harakati hizi. Mwaka 1972 jumba la makumbusho la MoMA, New York, liliwafanyia maonyesho makubwa chini ya msimamizi Emilio Ambasz, na waliokuwa wakitukana soko wakawa bidhaa yake. Mwaka 1981 mbunifu Ettore Sottsass na kundi lake la Memphis wakazindua samani zao Milan, zikakimbiliwa na matajiri. Mwanamuziki David Bowie alikusanya nyingi, na baada ya kifo chake zilipigwa mnada London mwaka 2016.

Leo neno lenyewe hupachikwa kwenye bango lenye herufi zinazogongana, au ukurasa wa intaneti wenye njano na kijani cha kuumiza macho. Sehemu kubwa ya hayo ni vipodozi. Kipimo changu ni kimoja: ondoa rangi na herufi, kisha uliza kama mtumiaji anaweza kufanya jambo ambalo jana hakuliweza. Ukurasa mtupu wa maandishi unaofunguka haraka kwenye simu ya bei ndogo yenye mtandao wa kusuasua unafaulu. Bango la kugongana-gongana linabaki bango.

Vitu vyenyewe vya miaka ile navyo havikuzeeka sawa, na hapa wapenzi wa sura huwa kimya. Sponji ya poliyurethini ina adui wawili. Aina moja huliwa na mwanga na hewa: hugeuka njano, kisha hukauka na kuwa unga. Nyingine huliwa na unyevu: hulainika na kunata. Yeyote aliyewahi kuchana godoro kuukuu anaujua unga ule. Kazi za kiwanda cha Gufram kama Cactus ya mwaka 1972, kitundikio cha nguo chenye umbo la mkakti, zilipakwa rangi inayonyumbuka, lakini sponji ikishazama chini yake, ngozi haina pa kujishikiza na inapasuka. Fundi hawezi kubadilisha cha ndani bila kuua cha nje. Kiti cha UP5 cha mbunifu Gaetano Pesce, cha mwaka 1969, kiliuzwa kikiwa kimenyonywa hewa na kubanwa bapa kama chapati; ukifungua mfuko, kinavimba mbele yako na kuwa kiti. Maajabu, ila ya safari moja: hakirudi tena kwenye mfuko. Uzalishaji ulikoma mwaka 1973, na kiliporudi sokoni mwaka 2000 ule uchawi wa kuvimba haukuwemo.

Memphis walishika fomaika. Hiyo ni tabaka za karatasi zilizoloweshwa gundi ya plastiki na kukandamizwa kwa joto hadi kuwa bamba gumu la unene wa kama milimita moja, nao wakaibandika sebuleni makusudi, kwa kuwa ilijulikana kama ngozi ya meza za mikahawa na jikoni. Nakubaliana nao kabisa kwa hilo. Anayetaka kuiga ajue mambo mawili: fomaika ibandikwe pande zote mbili za ubao, la sivyo unajipinda kuelekea upande uliobandikwa, na kingo zizibwe, kwa maana maji yakishaingia ukingoni, MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, huvimba na hainywei tena.

Mtu ninayemtetea hapa ni mbunifu wa Italia Enzo Mari, ambaye kwenye maonyesho yale ya New York alikataa kutengeneza chochote, akatoa maandishi tu. Mwaka 1974 alichapisha michoro 19 ya meza, viti, vitanda, makabati na benchi, akaitoa bure kwa aliyelipia stempu. Vifaa: mbao za kawaida za dukani, msumeno, nyundo, misumari. Hakuna kiungo cha ulimi na tundu, hakuna gundi. Sharti lilikuwa kwamba yeyote anaweza kuijenga, isipokuwa viwanda na wafanyabiashara. Mari hakudhani dunia itaishi kwa meza za misumari. Alitaka mtu apige msumari, meza iyumbe, ajiulize kwa nini, na akirudi dukani asidanganyike tena. Alilalamika baadaye kwamba wengi waliomwandikia walikuwa wamependa sura ya kishamba tu.

Kuyumba huko ndiko mwalimu, kwa hiyo tukuelezee vizuri. Chukua mbao za paini za inchi 1 kwa 4, zilizokauka. Mbao mbichi ikikauka ndani ya nyumba hunywea, tundu la msumari hulegea, na meza iliyokuwa imara mwezi wa kwanza huanza kulia. Kama duka lina mbichi tu, zipange kivulini kwa wiki kadhaa, kila safu ikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite. Kata zote kwa urefu mara moja. Miguu minne ikitofautiana kwa nusu sentimita, hakuna msumari utakaokuokoa. Juu ya meza pawe sentimita 75 kutoka sakafuni, kiti sentimita 45.

Mbao mbili za inchi 1 zikilaliana, msumari wa inchi 2 na nusu hutokeza nusu inchi upande wa pili. Usiukate. Ukunje kwa nyundo, na ukunje kukatiza nyuzi za mbao, maana ukiufuata uzi unajichimbia na kulegea. Butua ncha kwa kuigonga kidogo kabla ya kupigilia: ncha kali huzisukuma nyuzi kando na kupasua ubao, ncha butu huzikata. Kaa angalau sentimita 4 kutoka mwisho wa ubao. Kila kiungo kipate misumari miwili iliyokaa mshazari, isiwe kwenye uzi mmoja. Msumari mmoja ni bawaba, na bawaba huzunguka.

Hata ukifuata hayo yote, fremu ya mraba itayumba. Mraba uliopigiliwa misumari pembeni unaweza kulala kama boksi la karatasi lisilo na kitako. Pembetatu haiwezi, mpaka ubao uvunjike. Ndiyo maana michoro ya Mari imejaa mbao za mshazari chini ya meza, na si mapambo. Kabla ya kupigilia mshazari, pima kwa futi kamba kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, fremu imekaa sawa. Vikitofautiana, isukume kona iliyorefuka hadi vilingane, kisha ndipo ufunge. Wengi hupigilia mshazari mapema na kuifunga fremu ikiwa imepinda, halafu wanailaumu sakafu.

Linganisha na kabati la chipubodi linalouzwa kwenye boksi Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko. Linang'aa. Skrubu yake imeuma vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, ikitolewa mara mbili haina cha kuuma tena, na deki moja ya maji mengi hutosha kuvimbisha kitako. Kuhama nyumba ni kulizika. Seremala wa mtaani hulikataa, na ana haki, kwani halikubuniwa ili mtu kama yeye aliguse. Anti-dizaini ina kazi hapo kuliko kwenye mabango: kumpa mnunuzi jicho la kugeuza kabati chini juu dukani, kutazama mgongo, kuuliza kiungo kinafunguka vipi.

Mari alikuwa mkali kwa sharti lake la kutouza, ila alililegeza. Huko Berlin, kikundi cha Cucula kiliwakusanya vijana wakimbizi kutoka Afrika Magharibi kuanzia mwaka 2013, nao wakajenga viti vya michoro yake kwa ajili ya kuuza, kwa ruhusa yake. Baadhi ya viti vilichanganywa na vipande vya mbao za mashua za wakimbizi zilizofika kisiwa cha Lampedusa, Italia. Michoro ni ileile ya mwaka 1974, na misumari bado inaonekana.